Dirisha la Juu la Gari na Vumbi la Hanang: Kwa Maharusi Wanaokwenda Bara



Msimu wa harusi ndio huo umeingia, na kila tukirudi Unguja au Pemba kusalimia wazee, mabinti walioposwa bara hutuzunguka na maswali yale yale. Baridi ya huko ikoje? Samaki wanapatikana? Udi ukivukiza harufu inakaa, au upepo unaichukua? Mawifi wanasemaje mtu akivaa baibui? Yote haya tunayajibu kwa raha. Lakini lipo jambo moja ambalo hakuna bibi harusi aliyewahi kutuuliza, na wengi wetu tumekutana nalo mwaka wa kwanza tu wa ndoa. Nalo ni dirisha la juu la gari, lile la kioo kwenye paa, ambalo mafundi wanaliita sanrufu.

Msicheke. Tuvumilieni kidogo.

Sisi tunaoandika haya ni wanawake wa visiwani tulioolewa mkoa wa Manyara. Wengine tuko Katesh, chini ya Mlima Hanang. Wengine tuko Mbulu mjini, na mwenzetu mmoja yuko Haydom. Hatuko wengi, lakini kila mwaka anaongezeka mmoja au wawili. Tukipata nafasi tunakutana, tunasoma darsa, tunakunywa chai ya tangawizi, halafu tunasaidiana yale ambayo somo hakutufundisha tulipokuwa ndani. Somo alitufundisha mengi, Allah amlipe kheri. Ila la gari hakulifundisha, kwa sababu kwetu Unguja gari lilikuwa la baba au la kaka, sisi kazi yetu ilikuwa kupanda na kushuka.

Huku mambo ni mengine. Miji iko mbalimbali, mvua ikinyesha njia za vijijini zinateleza, na mwanamke mwenye duka, cherehani au mtoto anayesoma anahitaji gari kama anavyohitaji jiko. Magari yenyewe ni haya haya ya mtumba kutoka Japani: Harrier, Forester, X-Trail na ndugu zao. Mengi yanakuja na sanrufu, mtu akitaka asitake. Binti analiona linang'aa, anafurahi, anapiga picha. Hakuna anayemwambia kwamba pale juu kuna kazi ya kufanya.

Vumbi la huku si mchanga wa Jambiani

Kwetu tumezoea mchanga. Mchanga unaukung'uta, unaanguka. Vumbi la Manyara halianguki. Ni laini kama unga wa ngano uliochekechwa, rangi yake nyekundu au kahawia, na upepo wa kiangazi unalipitisha mahali ambapo hata sindano haipiti. Barabara kuu ya Babati kwenda Singida, inayopita Katesh, ni ya lami, alhamdulillah. Lakini ukiiacha tu kuelekea Basotu, au ukipanda kuelekea Dongobesh na Haydom, vumbi utakutana nalo. Gari likikutangulia, hulioni. Wakati wa kuvuna ngano katika mashamba makubwa ya Hanang, makapi nayo yanaruka. Chini ya mlima kuna Ziwa Balangida, ambalo kiangazi hukauka sehemu kubwa likabaki jeupe kwa chumvi, watu wanakwanyua na kuuza. Upepo ukivuma upande ule, hata ukilamba midomo unaonja.

Vumbi lote hilo linatafuta pa kukaa, na mahali palipo wazi juu ya gari ni pale kwenye paa.

Sasa tueleze kwa lugha yetu mle ndani kukoje. Kile kioo kinateleza juu ya reli mbili, moja kulia na moja kushoto. Mota ndogo inavuta waya, waya unasukuma vijiguu vya plastiki vilivyoshika kioo, na vijiguu vinakwenda ndani ya reli. Reli zimepakwa grisi tangu kiwandani ili kila kitu kiteleze. Kuzunguka kioo kuna mpira. Na chini ya mpira kuna mfereji mdogo unaozunguka uwazi wote, wenye matundu kwenye pembe. Katika kila tundu kuna mrija mwembamba unaoshuka ndani ya nguzo za gari mpaka chini. Ile ya mbele mara nyingi hutokea karibu na bawaba za milango ya mbele, na ile ya nyuma karibu na magurudumu ya nyuma au bampa.

Hapa ndipo wengi hatukujua, na tunaomba mshike hili hata mkisahau mengine yote: mpira wa sanrufu haukuwekwa kuzuia maji yote. Mvua ikinyesha, maji kidogo hupita kando ya mpira, na gari limetengenezwa hivyo. Yanaangukia kwenye mfereji, yanaingia kwenye mirija, yanatoka chini ya gari, wewe ndani huna habari. Mmoja wetu baba yake alikuwa fundi wa majahazi Pemba, naye alilielewa kabla yetu sote. Alisema chombo cha mbao hakikosi maji ndani. Kinachokizamisha ni maji kukosa kutolewa.

Vumbi linaharibu sehemu zote mbili. Kwenye reli linachanganyika na grisi ya zamani, linakuwa uji mzito unaosaga kama msasa. Kioo kinaanza kulia, kinakwenda kwa kusita, kinapanda upande mmoja. Ukiendelea kubonyeza swichi, vijiguu vya plastiki vinavunjika, na hapo tena huna kazi ya mswaki, una kazi ya kuagiza kifaa. Kwenye mfereji vumbi linaingia matunduni, mvua ya kwanza inaligeuza tope, tope linakauka, linakuwa kizibo. Mvua ya pili maji hayana pa kwenda. Yanafurika mfereji, yanaingia kwenye dari.

Gari la mahari

Mwenzetu mmoja aliolewa Katesh mwaka 2021. Mahari yake aliyahifadhi yote, hakuyagusa kwa dhahabu wala kwa sherehe. Akaongeza na pesa ya mashono yake, akanunua gari la mtumba kwa jina lake. Mnajua wapenzi kwamba mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, Sura ya Nisaa imeliweka wazi, wala si ya baba wala ya mume. Basi lile gari lilikuwa jasho lake na heshima yake. Lilimpeleka Babati kuchukua vitambaa, na likampeleka mama mkwe wake kliniki Haydom.

Mvua za mwanzo zilipoanza, maji yakadondoka kutoka kwenye taa ya darini, yakaangukia kiti cha mtoto. Wiki ya pili zulia la chini lilikuwa limelowa, na gari likanuka kama nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Mtoto akaanza kukohoa kila akipanda.

Fundi akaitwa. Akaangalia, akasema dirisha ndilo linalovuja. Ushauri wake ulikuwa kupaka silikoni kuzunguka kioo chote, kishikane na paa, kisifunguke tena milele. Na kama hataki, basi mpira mpya uagizwe Arusha, na dari lote lishushwe. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu na pesa ya mtaji wa cherehani wa msimu mzima. Mume alikubali silikoni, akasema bora yaishe. Shemeji akaongeza kwamba hata hivyo wanawake hawana haja na dirisha la juu. Kila mtu alikuwa na neno juu ya gari ambalo hakulinunua.

Yule fundi tusimseme vibaya. Siku zake zote anatengeneza pikipiki, matrekta na Land Cruiser, magari ya sanrufu yanayopita kwake ni ya kuhesabu. Alisema alilolijua.

Mwenzetu alisema neno moja tu: nisubirini mpaka Jumamosi. Hakugomba, hakumvunjia mumewe heshima mbele ya fundi. Jumamosi akaja kwenye darsa, akatusimulia, na yule binti wa fundi wa majahazi akauliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyeliuliza: "Maji ya mvua yanatokea wapi chini ya gari lako?" Hakuna aliyejua.

Tulitoka na kikombe cha maji. Tukafungua kioo, tukamimina taratibu kwenye pembe ya mbele kushoto. Baada ya muda mfupi maji yakachuruzika karibu na bawaba ya mlango. Tukamimina pembe ya kulia. Maji yakasimama. Yalisimama pale kama kwenye kisahani, yanatutazama. Tukayafyonza na kitambaa kabla hayajafurika ndani.

Palikuwa na mshipi wa nailoni wa kuvulia ndani ya nyumba, ule mnene kidogo, umekuja na mizigo kutoka Pemba kwa kufungia maboksi. Tukauchoma ncha kidogo ipate kichwa cha mviringo, ili usitoboe mrija. Tukauingiza polepole, tunauzungusha kwa vidole, tukikutana na ukinzani tunasimama, tunarudisha nyuma, tunajaribu tena. Tulivyouvuta ulitoka na tope jekundu, makapi ya ngano, mabawa ya wadudu na kipande cha grisi nyeusi kama ubani ulioungua. Tukamimina maji tena kidogo kidogo. Mara ya tatu yakatoka chini, kwanza mekundu, kisha masafi.

Mumewe alikuwa ameshafika, ameshika tochi bila kuambiwa. Mama mkwe alileta kigoda ili mkwewe asichuchumae. Silikoni haikupakwa. Mpira wenyewe ulikuwa mzima kabisa.

Tunasimulia haya kwa sababu gari lile lingeweza kuharibiwa na watu waliompenda, kwa nia njema, kwa haraka tu ya kutaka yaishe. Kioo kingegandishwa, mirija ingebaki imeziba, na siku silikoni ikipasuka kwa jua na baridi ya Hanang maji yangerudi pale pale. Mali ikiwa yako, ijue. Usingoje mwingine aijue kwa niaba yako.

Namna tunavyosafisha

Sasa tuwape utaratibu wenyewe. Hauchukui zaidi ya saa moja mkiwa wawili. Fanyeni uani, gari likiwa kivulini na mahali tambarare. Vaa suruali pana chini ya dera na ushungi mfupi uliobanwa vizuri, kwa sababu utasimama kwenye kizingiti cha mlango na utainama. Mtandio mrefu na grisi havipendani. Tandika khanga kuukuu juu ya viti. Fungua kioo mpaka mwisho, kisha zima gari na ufunguo uutie mfukoni mwako mwenyewe. Watoto wapelekwe mbali na swichi. Kioo kile kina nguvu ya kuumiza vidole.

Kwanza ni ukavu. Hili ndilo tofauti na kuosha gari Unguja. Huku usianze na maji, kwa sababu maji juu ya vumbi ni tope, na tope litakimbilia kwenye mirija. Ziba matundu ya pembe unayoyaona kwa vipande vidogo vya kitambaa chenye rangi kali, uvihesabu. Kisha chukua brashi laini au mswaki wa zamani, ufagie reli na mfereji ukivuta uchafu kuelekea kwako, mbali na matundu. Ukiwa na mashine ya kunyonya vumbi, mwenzako aishike karibu unapofagia. Usipuliziwe upepo mkali wa kompresa pale juu. Unasukuma vumbi ndani zaidi, na ukiuelekeza tunduni unaweza kuuchomoa mrija ulikoungwa, na hapo dari litalowa hata kama mrija hauna kizibo.

Pili ni grisi ya zamani. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kikamue mpaka kisidondoke, kisha futa reli. Kwenye kona tumia vijiti vya pamba. Badilisha kitambaa kila kikichafuka, la sivyo unahamisha uchafu tu. Usitumie petroli, hata ukiambiwa inasafisha haraka. Inaharibu mpira, inaharibu plastiki na dari, na mvuke wake ndani ya gari ni hatari. Maliza kwa kitambaa kikavu, acha dakika chache pakauke kabisa.

Tatu ni kulainisha, na hapa ndipo pana ushauri mwingi mbaya. Mafuta ya kupikia hayafai, yanaganda na kunata. Samli haifai. Na mafuta ya nazi, mashoga, tunajua kwetu ni dawa ya kila kitu, ya nywele, ya ngozi mpaka ya bawaba za mlango. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mbulu iko juu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na mwezi wa Juni na Julai chupa ya nazi hushinda imekuwa nyeupe kama nta mpaka uiweke karibu na jiko. Ndivyo yatakavyokuwa kwenye reli zako alfajiri. Ile sprei ya WD-40 ya kawaida nayo ni nyepesi mno. Inasaidia kulegeza kilichokwama, lakini haibaki muda mrefu kama mlainishi wa reli.

Kinachofaa kwenye reli ni grisi nyeupe ya lithiamu au grisi ya silikoni, ile inayosema haidhuru plastiki na mpira. Duka la vipuri la Babati au Arusha hukosi. Na kiasi ni kidogo. Chukua kama punje ya choroko kwa kila reli, itandaze kwa kidole au kijiti mpaka ibaki utando mwembamba. Mkono mzito hapa ni hasara, kwa sababu katika vumbi la huku kila grisi iliyozidi ni gundi ya kukamatia vumbi jipya. Washa gari, funga na fungua kioo mara tatu au nne, kisha futa yote iliyosukumwa pembeni. Ukiweza kuiona imerundikana, imezidi.

Nne ni mpira. Ufute kwa kitambaa kibichi pande zote, ukiutazama kama umepasuka au umekakamaa. Ukikauka, paka mlainishi wa silikoni wa mipira, ukiutia kwanza kwenye kitambaa, si kupuliza moja kwa moja. Usiupake grisi ya kawaida wala mafuta ya injini, kwa sababu mafuta ya namna hiyo huvimbisha na kulegeza mpira wa aina nyingi.

Mwisho ni mirija. Toa vile vipande vya kitambaa, uhesabu vimetoka vyote. Mimina maji nusu kikombe cha chai, polepole, pembe baada ya pembe, huku mwenzako ameinama chini anatazama. Yakitoka, sema alhamdulillah. Yakisimama, yafyonze, kisha mshipi wa nailoni kama tulivyoeleza. Usitumie waya wa chuma. Matundu ya nyuma katika magari mengine yamefichika. Hayo usiyalazimishe, mpe fundi lakini mweleze unachotaka: azibue mirija, asigandishe kioo.

Mwite fundi pia kama mpira umechanika, kama kioo kinapanda upande mmoja, kama mota inalia na kioo hakiendi, au kama maji bado yanaingia wakati mirija yote inatoa. Hapo tatizo ni jingine. Kujifanyia kazi si kukataa mafundi. Ni kwenda kwa fundi ukiwa na swali sahihi.

Mara ngapi?

Kwa anayekaa mjini Katesh na kupita lami tu, mara mbili kwa mwaka inatosha: mwezi wa Oktoba kabla mvua hazijaanza, na tena zinapokwisha. Kwa anayepita njia za vumbi kila siku, tunafanya kila miezi mitatu, na katikati yake tunafuta reli kwa kitambaa kikavu tu, dakika 5. Egesha gari mbali na miti inayopukutisha majani na maua. Na njiani penye vumbi funga kioo, hata joto likikusumbua.

Sisi wa Katesh lina uzito wake. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia mjini Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Hatuwezi kulinganisha msiba ule na mrija wa gari, hasha. Ila tangu siku ile, mwezi wa Oktoba ukifika, kila nyumba inatazama mitaro yake, bati lake, ukingo wake. Tunazibua kila kinachopitisha maji, kikubwa na kidogo, kabla mawingu hayajakaa juu ya mlima. Gari nalo limo katika zamu hiyo.

Neno kwa maharusi siku yenyewe

Tunajua baadhi yenu mnalitaka sanrufu kwa ajili ya msafara. Bibi harusi anatokeza juu na shela lake, bwana harusi pembeni, magari yanapiga honi, mpiga picha yuko mbele. Tunawaomba kwa mapenzi msifanye hivyo. Dereva akikanyaga breki ghafla, kwa ng'ombe au kwa pikipiki, aliyesimama juu hana mkanda wala cha kumzuia. Kile kingo cha paa hakikutengenezwa kubeba mtu. Ukikikalia au kukiegemea, reli zinaweza kupinda, na reli iliyopinda haiponi kwa grisi. Na kuhusu sitara, kila mmoja wenu anajijua alivyolelewa. Bibi harusi aliyekaa kwa utulivu kitini hajapungukiwa na uzuri wowote. Picha ipigwe gari likiwa limesimama.

Na kama gari ni la kuazima au la kukodi, ni amana. Kabla ya siku yenyewe mwombe mwenye nalo ruhusa, mfungue na kufunga kioo mara moja mkiwa naye, mtie maji kidogo kwenye pembe. Grisi iliyozidi ikidondokea shela jeupe haitoki kwa sabuni yoyote tunayoijua, na mvua ya ghafla juu ya gari lililoziba inaharibu nguo ya bibi harusi na mali ya watu kwa pamoja. Dini yetu imetufundisha kwamba hata kuondoa kinachodhuru njiani ni tawi la imani. Kinachodhuru ndani ya gari ulilopewa kuangalia kina haki zaidi.

Cha kutia sandukuni

Mama zenu watawatilia udi, liwa, karafuu, asumini ya kukausha na doti za khanga. Nanyi ongezeni kimfuko kidogo cha kitambaa: mswaki mmoja wa zamani, vijiti vya pamba, vitambaa vitatu laini, mita tatu za mshipi wa nailoni mnene, na kijitubu cha grisi nyeupe. Kitabu cha gari mara nyingi kitakuwa cha Kijapani, kwa hiyo msikitegemee sana. Ila kiwekeni, michoro yake inaonyesha matundu yalipo.

Yule mwenzetu wa Katesh gari lake bado linatembea. Mtoto hakohoi tena akipanda. Mwezi wa Oktoba uliopita alikuja nalo Mbulu na kikombe chake cha maji, akawafundisha wawili waliokuja huku mwaka huu, mmoja wa Makunduchi na mmoja wa Wete. Yule wa Wete akauliza kama mafuta ya nazi hayafai kweli. Tukamletea chupa iliyoganda, akaigeuza juu chini, haikudondoka hata tone, tukacheka sote.

Allah awape maharusi wetu nyumba zenye utulivu, waume wenye huruma, na mvua zenye baraka zinazopita njia yake. Amin. Mkifika Manyara, mtuulizie.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.